Waranti ya Kumzuia Mjomba Asifungue Boneti

Mshauri wa ukurasa wa kumi na moja, shikamoo. Nakuandikia kwa haraka nikitumaini jibu lako litatoka Jumatano hii, kwa sababu jambo lenyewe linaamuliwa Ijumaa saa nane mchana, na sina mtu mzima mwingine wa kumuuliza ambaye hatakwenda moja kwa moja kumwambia mama.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Mama yangu hukodisha viti vya plastiki kwa ajili ya harusi, misiba na mahafali, na kazi hiyo haiendi bila gari, na gari letu la zamani limekufa, na aliyeliua ni mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, ambaye sote tunampenda na mtaa mzima unamwita Spana. Mjomba si fundi magari. Ni fundi friji. Yeye husema injini ni friji tu lenye hasira, na kila Jumamosi asubuhi huja kwetu, husalimia, hunywa chai, kisha hufungua boneti hata kama gari halina tatizo lolote, na likifunguliwa halikosi kupata tatizo.

Mwezi wa pili alitengeneza taa za breki, na tangu siku hiyo mama akikanyaga breki honi ikawa inalia. Kesho yake tulikuwa na viti mia moja vya kupeleka msibani, na barabara ya kwenda pale ina matuta tisa, kwa hiyo tulipiga honi mara tisa, na tulipoingia uani watu walikuwa wamesimama kwa sala, mama akakanyaga breki taratibu akidhani honi nayo italia taratibu, lakini honi haijui taratibu, na mzee mmoja akageuka akasema, "Mpisheni huyo, hata marehemu hakuwa na haraka hivyo." Wakati wa kuondoka mama aliona aibu kukanyaga breki tena, tukasimama kwa msaada wa geti lao. Mwezi wa tano mjomba aliifungua injini nzima, akairudisha, zikabaki nati saba mkononi mwake, akasema, "Hizi ni za ziada. Kiwandani huwa wanaweka nyingi kwa woga." Gari halijawaka tena mpaka leo. Kuku wanalala humo.

Sasa mama amepata pikapu iliyotumika, nzuri, rangi ya kijivu, na wiki iliyopita tulikwenda watatu kuiangalia, mama, mimi na mjomba. Muuzaji alituingiza mama na mimi ofisini, chumba chenye feni moja na kalenda ya mwaka juzi, akasema, "Mama, gari lililotumika ni kama mchumba aliyewahi kuolewa. Anapendeza, ila hujui huko alikotoka kulitokea nini."

Mama akasema, "Kumbe unaniuzia mtalaka."

Muuzaji akacheka, akasema ndiyo maana kuna waranti ya nyongeza ya miaka miwili, unalipia mara moja, gari likiharibika wanatengeneza wao, na wewe unalala usingizi. Mama akamjibu kwamba usingizi anao tayari, tena wa bure. Basi muuzaji akatazama dirishani, na huko nje miguu ya mjomba ilikuwa imechomoza chini ya pikapu, na sauti yake ikatoka uvunguni ikisema, "Nileteeni tochi na kisu cha mezani!"

"Yule ni wa kwenu?" muuzaji akauliza.

"Ni kaka yangu."

Muuzaji akavuta droo akatoa karatasi. "Basi mama, wewe hasa ndiye unayeihitaji. Tazama kifungu cha kumi na nne. Gari likifunguliwa na mtu yeyote asiyetoka gereji yetu, waranti inakufa palepale."

Mama akamwomba arudie.

Tulipewa karatasi hizo tuondoke nazo, kurasa tisa, na mama akasema mimi ndiye nisome kwa kuwa ndiye msomi wa nyumba. Mwalimu wetu ametufundisha kwamba mkataba husomwa kwa rula na penseli, na kwamba neno kubwa kuliko yote ndani ya mkataba ni "isipokuwa". Nilihesabu "isipokuwa" ishirini na tatu. Waranti inalinda gari zima isipokuwa vitu vinavyosuguana, isipokuwa vya mpira, isipokuwa waya na taa, isipokuwa chochote kinachovuja, na mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo kama sisimizi, isipokuwa gari linalobeba mizigo ya biashara. Nikaenda jikoni nikamwambia, "Mama, hii haitusaidii."

"Soma tena."

"Nimesoma mara tatu. Sisi tunabeba viti vya kukodisha. Hata injini hawatatulindia."

"Cha kumi na nne bado kipo?"

"Kipo."

"Nisomee hicho tu."

Nikamsomea. Alifumba macho kama mtu anayesikiliza wimbo wa ujana wake, kisha akasema, "Hicho ndicho ninachonunua. Hivyo vingine wabaki navyo."

Mshauri, nilishangaa. Nikamuuliza kwa nini asimwambie tu mjomba kwamba gari hili asiliguse, akaniangalia kana kwamba nimemtuma sokoni bila nguo. "Nimwambie nini kaka yangu? Mkubwa hazuiwi na mdogo wake. Karatasi ikimzuia, atainunia karatasi." Na amekwisha kupanga kwamba Ijumaa atasaini, na Jumamosi mjomba akifika mimi nisimame mlangoni nimsomee kifungu cha kumi na nne kwa sauti ya msoma habari, kwa sababu, amesema, mimi ni mtoto na ni msomi, hatanikasirikia. Nilijibu, "Sawa, mama," na tangu nilipojibu hivyo sijalala vizuri.

Mjomba ndiye aliyenifundisha kusoma kabla sijaanza shule, kwa vitabu vya maelekezo ya friji, na neno la kwanza nililolisoma peke yangu lilikuwa "barafu". Baba alipoondoka, mjomba ndiye aliyemnunulia mama viti ishirini vya kwanza. Siku hizi watu hawampelekei friji sana, wakiharibikiwa wananunua jipya, na nimegundua kwamba Jumamosi, siku ya kuja kwetu, ndiyo siku pekee anayonyoa ndevu. Ameshanunua ovaroli mpya ya bluu kwa ajili ya pikapu hii.

Sasa naomba niungame. Jumatatu, kwenye chumba cha kompyuta shuleni, nilichapa karatasi yangu mwenyewe. Nimeiita Waranti Maalumu ya Familia. Ina kifungu kimoja tu, kwamba mtu yeyote asifungue boneti hii kwa miaka kumi, na nimeipigia muhuri kwa kizibo cha soda na wino wa bluu, na umetokea vizuri sana. Nimeificha ndani ya atlasi. Nilifikiri hivi: mama hatapoteza fedha kwa waranti isiyotulinda, mjomba atazuiwa vilevile, na hakuna atakayemchukia mwenzake. Lakini nikiitazama napata joto masikioni.

Je, tununue ile ya kurasa tisa, au nitumie hii ya kwangu, au nimwambie mjomba ukweli mimi mwenyewe, wakati mimi ndiye mdogo kuliko wote? Ninaamini ipo njia ambayo pikapu itapona na mjomba ataendelea kuja. Mimi siioni bado.

Ni mimi,
Msomaji wa Kurasa Tisa


MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Honi ya msibani nimeicheka mpaka mhariri akaja kuchungulia kama niko salama. Kisha nikafika kwenye kizibo cha soda, nikaacha kucheka.

Ichane hiyo karatasi leo. Usiniletee habari za huruma. Sijawahi kuona mtu anayeghushi ambaye hakuwa akimhurumia mtu fulani, mara nyingi yeye mwenyewe. Leo ni waranti, kesho ni ruhusa ya daktari, keshokutwa ni cheti cha ndoa chenye muhuri wa soda ya machungwa. Tena haitafanya kazi. Huyo ni fundi. Ukimwandikia fundi "usifungue kwa miaka kumi", utakuwa umemwalika. Hayo masikio yako yenye joto yana akili kuliko vidole vyako, yasikilize.

Sasa ile ya kurasa tisa. Umeisoma vizuri kuliko watu wazima wenye magari matatu. Gari lililotumika huharibikia wapi? Penye kusuguana, penye mpira, penye waya, penye kuvuja. Ukiviondoa hivyo, waranti imebaki kulinda usukani na harufu ya viti. Na hicho cha mizigo ya biashara ndicho kaburi lenyewe: siku ya kwanza mama yako akienda kudai, watachungulia nyuma ya pikapu, wataona viti hamsini vimepangwa, watamkaribisha maji ya kunywa na kumsindikiza mlangoni. Zipo waranti za maana, sikatai. Ingelinda vitu vinavyoharibika kweli na kukubali kazi ya mama yako, ningesema akae aipime bei. Hii asisaini. Mtu hasaini kurasa tisa kwa sababu ya mstari mmoja uliomfurahisha. Hata barua ya talaka ina mstari mmoja mzuri.

Kabla ya Ijumaa saa nane, mama atafute fundi magari. Nimesema magari. Asiwe ndugu yenu wala rafiki wa muuzaji. Amlipe kwa asubuhi moja aiwashe pikapu ikiwa baridi, aiendeshe, alale chini yake, asikilize gia, kisha amwambie ubaya wake wote. Muuzaji akikataa fundi aiguse, muiache hapohapo, mrudi nyumbani kwa miguu mkiimba. Akikubali na gari likafaa, ile fedha ya waranti mama aiweke pembeni kwa ajili ya pikapu tu. Isiende kwenye viti, isiende kwenye michango ya harusi, na wewe usiiombee daftari. Mkanda ukikatika, ipo. Usipokatika, ipo bado, na hakuna atakayemwambia "isipokuwa".

Limebaki la mjomba, ambalo ndilo barua yako. Gari tumelizungumza kwa heshima tu.

Nina hakika mama yako anaweza kumgongea bwana harusi asubuhi ya fungate akiuliza viti vyake viwili viko wapi. Lakini mbele ya kaka yake amekuwa bubu, na sasa anataka kukodi mdomo wa mwanawe. Hapana. Mtoto hatumwi kumkatalia mkubwa, hata awe msomi namna gani. Akikuambia usome, mjibu kwa adabu, "Mama, nitakaa karibu yako, lakini kusema useme wewe." Akifoka, mwambie ni mimi niliyesema, na mlango wa ofisi yetu uko wazi mpaka saa kumi.

Mpe gazeti hili likiwa limekunjwa hapa. Mama Viti, shikamoo kama umenizidi, na kama hujanizidi nisikilize vilevile. Viti ishirini ni wema mkubwa, na wema haulipwi kwa kumwacha mtu aue gari kila baada ya muda. Wala usidhani unamlinda. Unamwacha achekwe na mtaa mzima kwa kazi isiyo yake, wakati kwenye kazi yake halisi aliheshimiwa. Jumamosi akifika, mpe chai kwanza, kisha umwambie wewe mwenyewe, ukimtazama: "Kaka, pikapu hii itatengenezwa gereji. Wewe uje kama kawaida." Basi. Usiongeze "samahani" wala "unajua", usimtaje muuzaji. Ukianza kueleza, utajikuta umemshikia tochi.

Na wewe, mwanangu, usimbunie kazi ya uongo ya kumbembeleza, eti ahesabu viti au ashike ufunguo. Mtu mzima huinusa huruma tangu kona ya barabara. Atanuna. Kaka wakubwa hununa, ni haki yao, na hakuna aliyezikwa kwa kununa. Pengine Jumamosi mbili hatakuja, na mama yako atakulaumu wewe, mimi na kampuni ya magazeti. Msimtumie mjumbe. Jumapili mwende wenyewe wote wawili, kwa miguu, mkamsalimie, mkae mpaka awakaribishe chakula.

Siku akirudi, atauliza kama mtu asiyejali, "Pikapu inaendeleaje?" Hapo msijibu kwa maneno. Mfungulieni boneti aangalie na asikilize apendavyo, atoe na hukumu yake yote, ila mikono yake iwe nyuma.