Chai Nyekundu ya Mama Raheli

Mponde, Alhamisi, 1974

Chai ya Mama Raheli haina ugonjwa. Amesema hivyo leo mpima ramani aliyeleta picha za kijiji zilizopigwa kutoka kwenye ndege. Ni vizuri amewahi, maana kesho ilikuwa ing'olewe.

Aliyeamuru ni mwenyekiti wa kijiji. Picha zilipofika juzi, aliona shamba la mama huyo ni jekundu, akasema limeungua kwa ugonjwa. La kwake lilitoka la bluu, limetulia, akalitangaza kuwa shamba la mfano.

Mpima ramani alieleza polepole mkutanoni. Jani lenye afya hurudisha aina ya mwanga wa jua ambao jicho halioni. Filamu hii huuona, na huuonyesha kwa rangi nyekundu. Udongo mtupu ndio hutoka wa bluu.

Mama Raheli akasimama. "Sasa, mwanangu mwenyekiti, chai yako iko wapi?"

"Shikamoo, mama," akajibu mwenyekiti, ingawa walikwisha kuamkiana asubuhi.

"Marahaba. Iko wapi?"

"Miche bado iko kitaluni."

Hata katibu wake alicheka, akajifanya anakohoa.

Kinachoniudhi ni kwamba gazeti letu huchapa picha nyeusi na nyeupe tu. Msomaji ataona mashamba mawili ya kijivu na kujiuliza ugomvi ulikuwa wa nini. Sijui nitaanzaje kuiandika habari hii.

Mwenyekiti ameomba ukaguzi wa shamba la mfano usubiri mvua. Kamati ya kijiji imekataa, itakwenda Jumamosi asubuhi. Mama Raheli amesema atabeba chupa ya chai, maana huko hakuna.