Karanga za Mlimani

Ndugu yangu, weka chini unachokula. Leo naapa si utani.

Wiki jana nilipojiandikisha kupanda mlima peke yangu, si walinipa kopo lenye mfuniko? Nikadhani zawadi. Nikalijaza karanga za siku tatu, na njiani nimeshakula nusu.

Sasa hivi langoni, askari wa hifadhi, mzee mpole, alikuwa akikagua mkoba wangu. Bila muhuri wake hupandi. Nikamkaribisha karanga. Akalishika kopo, akachota, akatafuna, akasifu.

"Hema lipo, maji yapo. Kopo la haja liko wapi, mwanangu?"

La nini?!

"Haja kubwa. Mlimani hatuachi kitu. Kila mtu hushuka na chake, tunaosha kopo, tunampa mwingine."

TUNAMPA MWINGINE.

Nikamwambia kwa heshima zote, "Mzee wangu, ndilo hilo ulilolishika."

Ametema mpaka kwenye daftari la wageni! Mimi nimesukutua mara sita, kinyaa hakitoki.

Nikamuuliza, "Lakini huwa mnaosha vizuri?"

Akatazama dirishani. "Huwa tunaosha."

Neno "vizuri" kalimeza!

Muhuri nimepata. Amegonga huku anafuta ulimi kwa leso: "Panda, mwanangu. Na usiwe na haraka ya kushuka."