Maji Nayo Huoshwa

Mjukuu wangu Neema,

Unisamehe kwa kukaa kimya muda mrefu. Macho yalinisumbua, lakini sasa nina miwani. Hapa Kingi tu wazima, na Bibi Furaha, mdogo wangu, anakusalimu.

Unauliza kwa nini watu wetu wanakataa dawa ya maji, ilhali utafiti mnaousoma huko Goma unaonyesha kwamba inazuia kipindupindu. Nilipokuwa kijana, ugonjwa huo ulifika kilima cha jirani, na muuguzi akatuletea dawa hiyohiyo. Mama yangu aliikataa.

"Papa, hapa hakuna mugonjwa. Dawa iko ya mugonjwa."

Muuguzi hakubishana. Alitazama sahani zilizoanikwa juani. "Mama, sahani unaziosha mbele ya kula?"

"Njo, naziosha. Nikulishe mu sahani chafu, unitangaze kilima chote?"

"Basi na maji tunayaosha."

"Maji nayo inaoshwa?" Mama alicheka, kisha akaleta bidoni ya maji yatiwe dawa.

Furaha ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea. Alikunywa maji hayo, na ugonjwa ulipoingia kwetu haukumgusa. Kila nikimwona namshukuru Mungu, na yule muuguzi pia.

Nakushukuru kwa tangazo ulilotuandikia. Nimesahihisha ngeli mahali pawili, na penye "dawa ya maji" nimeandika "kuosha maji". Kamati ya chemchemi italijadili Jumapili baada ya ibada. Wakishaamua nitakuandikia, wawe wamekubali au wamekataa.

Babu yako