Ubavu wa Tatu

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini mgongo umepoa, na shemeji bado anakuchekesha. Mimi afya haina neno. Kinachoniuma hakina vidonge, ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ningelia, nawe ungeniambia nikale kwanza.

Unajua mwaka huu nasomea upasuaji wa watoto. Kabla ya kuruhusiwa kumgusa mtoto wa kweli, tunafanya mazoezi kwa mtoto wa mpira, mkubwa kama kichanga wa siku mbili, mwenye mapafu yanayopanda na kushuka. Ukikosea, mashine inapiga kelele na unaanza upya. Anayetufundisha ni Profesa, yule yule aliyempasua mwanao. Siku ile alipotushika mikono kwenye korido akasema hakuna daktari yeyote ambaye angeweza kumwokoa, nilimwamini mno. Kazi hii niliichagua kwa ajili yake.

Miezi mitatu iliyopita alileta zoezi jipya, akasema limetengenezwa kwa picha za mgonjwa wa kweli. Nilipofungua kifua, nikakuta ubavu wa tatu wa kulia umegawanyika mbele kama panda ya manati. Dada, picha ile ya eksirei ya mwanao tuliishika sote wawili dirishani, ukaniuliza kama ubavu ule utamsumbua akianza kutambaa. Alikuwa yeye.

Profesa akaendelea. Alisema hapa daktari alifanya haraka: mtoto alizaliwa njia ya chakula ikiwa imekatika, naye alizivuta ncha zake mbili akaziunganisha siku hiyo hiyo, nyuzi zikakata nyama, siku ya nne pakachanika. Alipaswa kumlisha mtoto kwa mpira wa tumboni wiki kadhaa, mpaka ncha zikue na kusogeleana. Mwenzangu alipouliza daktari huyo ni nani, alijibu kwamba majina hayamfundishi mtu kitu.

Nilimfuata ofisini. Hakukana. Alisema kosa lile ndilo lililomfanya aanzishe mafunzo haya, na watoto tisa wameshapona kwa kusubiriwa. Nikamuuliza kwa nini alitudanganya. Akasema, “Mama yake alikuwa ameshaumia. Ningemwongezea nini?”

Sasa la kwangu. Haya yote nimeyajua kwa miezi mitatu. Nilinyamaza kwa sababu yeye ndiye anayeniidhinisha kuingia chumba cha upasuaji. Nilirudi mezani pale, nikakifungua kifua cha mwanao mara kumi na saba mpaka nikaweza. Kila Jumapili ulipiga simu, nami nikakuambia masomo yanakwenda vizuri. Yeye alikudanganya siku moja. Mimi nimekudanganya Jumapili kumi na mbili.

Jana nilipeleka malalamiko kwa uongozi wa hospitali, jina langu chini. Leo nimeondolewa kwenye ratiba ya upasuaji. Wamesema wako tayari kukusikiliza Alhamisi ijayo, saa nne asubuhi, ukitaka. Nakala ya ukurasa wa zoezi imo ndani ya bahasha. Usiisome ukiwa peke yako.

Nisalimie shemeji, umweleze kwa namna utakayoona inafaa. Nitakuwa getini tangu saa tatu. Usipotaka kukaa nami, nitakaa kiti cha nyuma.

Ni mimi,
mdogo wako.