Siku Majina Yalipohama Wingu

Baraka, Alhamisi. Mvua ilinyesha asubuhi yote. Sasa jua limetoka, mabati yanatoa mvuke, na moyo wangu ni mwepesi kuliko mwili.

Nimewaficha wenzangu wa kazi kwamba macho yangu yamekufa.

Si kwamba yamefifia. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nasema, "yamefifia kidogo", na watu wakanionea ile huruma ya kawaida wanayowaonea wazee wote. Ukweli ni kwamba tangu mvua za mwaka jana sioni kioo cha kompyuta. Naona mwanga upande ulipo mlango, basi. Maneno haya nayasema nikiwa nimelala, na mke wangu, Mama Neema, anayaandika kwenye simu, kwenye ukurasa wangu wa mtandaoni. Ni yeye tu anayejua. Moyo nao umechoka. Daktari wa Bukavu aliniambia bila kuzunguka kwamba nirudi nyumbani nikae na watu wangu. Nimerudi.

Siandiki ili nihurumiwe. Naandika kwa sababu leo tumeshinda, na ndani ya ushindi huo kuna jambo ambalo sitaki kwenda nalo kaburini.

Nieleze kwanza kwa wasiojua kazi hii. Zahanati tatu za barabara ya Nundu huweka habari za wagonjwa wao kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta kubwa zilizo mbali, za kampuni inayokodisha nafasi. Vituo vya Baraka na Fizi vinatumia wingu la kampuni nyingine. Mgonjwa wa kifua kikuu akianza dawa upande wa Nundu, akaenda Lulimba kuchimba dhahabu, akazidiwa huko na kupelekwa Fizi, muuguzi wa Fizi anampokea kama mtu aliyezaliwa jana. Mawingu hayo mawili hayasomani. Na si bahati mbaya. Kampuni ikiandika vitu vyako kwa namna inayosomeka kwake tu, huwezi kuiacha. Utalalamika, lakini utabaki.

Sokoni kwetu, mama anayeuza mchele na mama anayeuza maharagwe yaliyoshuka kutoka Fizi wanapima kwa kopo la aina moja. Kopo hilo si mali ya mmoja wao, ndiyo maana unaweza kumwacha huyu ukaenda kwa yule bila kujifunza hesabu upya. Kiwango huria ni kopo hilo: maandishi yanayosema habari ziandikwe vipi, yaliyo wazi kwa kila mtu, yasiyo na mwenyewe. Na kama ilivyo sokoni, wapo wanaogonga kitako cha kopo kiingie ndani kidogo. Kampuni ya namna hiyo itakuambia kwamba nayo inafuata kiwango. Ukipima, unakuta pungufu.

Nilisoma hesabu Lubumbashi, nikafundisha Bukavu mpaka nikastaafu. Uzeeni nikajiunga, kwa njia ya mtandao, na kundi la watu wa nchi nyingi wanaoandika kiwango cha mawingu ya afya. Wengi wao sijawahi kuwaona uso. Tulibishana miaka mingi juu ya mambo ambayo mtu mwingine angeyacheka, na mimi nilibishana zaidi juu ya majina.

Wao walitaka mtu mmoja, jina moja. Nikawaambia kwetu mwanamke akizaa huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na baada ya muda hata jirani wa ukuta kwa ukuta hajui jina alilopewa na baba yake. Mtoto huyo akifariki, wapo majirani wanaoona uchungu kumwita mama yake kwa jina hilo, wakahamia kwa jina la mdogo wake. Mtu ni yule yule. Walisikiliza, wakauliza, wakachoka nami, na mwishowe tukaandika pamoja sehemu ya "jina la kuitwa": yanaweza kuwa mengi, kila moja na wakati wake, na hakuna linalofuta jina la kwenye karatasi.

Mwezi huu kampuni ya wingu la Nundu ikatangaza kwamba inafunga na kuondoka. Kisichohamishwa kitapotea. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuhamisha kila kitu kuja kwenye wingu la Baraka, kwa kufuata kiwango chetu.

Anayeongoza kazi ni Riziki, mhandisi hapa Baraka, niliyemfundisha zamani. Huniita Papa, yaani baba. Jana mchana alipita kunisalimu.

"Papa, kesho ubakie tu na simu karibu. Tukikwama, nitakutumia picha ya kioo. Unaangalia, unatuambia."

"Hakuna shida," nikasema.

Hakuna shida! Mama Neema alikuwa anachambua mboga za lengalenga, nikasikia mikono yake imesimama. Riziki alipotoka tu, akaniuliza, "Baba Neema, ile picha utaiangalia na nini? Na masikio?"

Nilitaka kumwita Riziki arudi. Sikumwita. Ningemwambia ukweli wangeahirisha, wakaanza kumtafuta mtu wa Bukavu, na kampuni ingefunga huku wakitafuta. Hiyo ni sababu nzuri, na ni ya kweli. Ipo nyingine ambayo sijui niiite nzuri au mbaya. Nilitaka, kabla sijafa, kujua kama tuliyoyaandika yanasimama bila mtu wa kuyashikilia. Kiwango kinachohitaji mzee fulani apigiwe simu kila kinapokwama si kiwango.

Ni mzee tu.

Basi wao waliingia kazini wakijua nyuma yao kuna mtu. Mimi nilijua nyuma yao hakuna.

Leo asubuhi, mvua ikipiga bati, simu ikalia. Walikuwa wamekwama. Riziki alisema amenitumia picha ya kioo.

"Papa, unaiona?"

"Naiona," nikasema.

Mama Neema alijaribu kunisomea. Maandishi yalikuwa madogo, ya Kiingereza, naye alifundisha shule ya msingi kwa Kifaransa. Akawa anatamka herufi moja moja. Sikuelewa kitu. Nikanyamaza. Riziki akadhani ninafikiri. Mwisho, kwa kukosa la kusema, nikasema ambalo mzee yeyote angesema: "Imeandikwa. Someni."

Aliiweka simu mezani bila kuikata, nikawa nawasikia. Alikuwepo Etabo, muuguzi aliyeingiza majina ya wagonjwa wa zahanati zile tatu tangu mwanzo.

"Hii wingu iko na wazimu," Etabo alisema, kwa Kiswahili cha huku kwetu, ambamo "wa" huwa "ba" na "ndiyo" huwa "njo". "Inasema bamama bote ba kule kwetu ni muntu moja."

"Ni juu ya vile uliandika bote Mama Furaha!" Riziki akamjibu.

"Sasa niandike nini? Njo vile batu banabaitaka."

"We Etabo, mama yako, kwa kadi ya kura, iko Mama Etabo?"

"Hapana. Iko na jina yake."

"Na hao bamama, bazazi habakubapa majina?"

"Riziki, hata mama-mukwe yangu sijue jina yake. Nitamuuliza namna gani? Atasema natafuta kumuroga!"

Chumba kizima kikacheka. Mimi pia nilicheka kitandani, mpaka kifua kikauma.

Halafu nikamsikia Riziki anasoma kwa sauti ile sehemu ya jina la kuitwa. Alisoma kama mtu anayesoma kitu kisicho changu wala cha yeyote. Nikamsikia Etabo akisema kwamba majina ya karatasi anayo: aliyanakili kutoka kwenye kadi zao na kuyaweka kwenye nafasi ya maelezo, chini kabisa, kwa sababu hakuna aliyewahi kuyauliza. Wakayapandisha juu. Mama Furaha wote wakahamia kwenye nafasi ya jina la kuitwa, kila mmoja na jina lake halali pembeni. Hakuna aliyeniuliza kitu tena. Nadhani walisahau kwamba simu iko wazi.

Nakiri kwamba hapo niliumia kidogo. Mama Neema amesita kuandika sentensi hii. Nimemwambia aiandike.

Wakaanza upya. Mvua ikakoma. Nilisikia viti, nikasikia mtu anaomba maji. Kisha simu nyingine ya Riziki ikalia, akaiweka kwa sauti kubwa, na muuguzi wa Fizi akapiga kelele kutoka huko milimani: "Tunamuona! Yule wa kifua kikuu wa Nundu, tunamuona! Iko hapa na dawa yake yote!"

Sijui nieleze vipi kelele iliyofuata. Meza zilipigwa. Etabo aliimba wimbo wa kanisani kwa maneno aliyoyabuni hapo hapo, yakimtaja mama-mkwe wake. Watu waliokuwa wamefungiwa kwenye wingu moja walikuwa wametoka wote, wakiwa na majina yao yote, na hakuna aliyepotea njiani. Kampuni inaweza kufunga leo jioni ikitaka. Inaweza kwenda salama.

Kisha Riziki akaikumbuka simu. "Papa! Ulijua! Uliona ile picha mara moja, ukatuambia tusome!"

Nikacheka tu. Sikukubali, sikukataa. Mama Neema alinitazama. Sikuhitaji macho kulijua hilo.

"Muongo we," akaninong'oneza, lakini mkono wake ulikuwa juu ya wangu.

Tangu saa hiyo watu wanapita kunipongeza. Mmoja ameleta samaki. Ninapokea mikono yao na ninafurahi kweli, furaha ambayo sijaipata tangu watoto wetu walipokuwa wadogo. Ila wanampongeza mtu siye, na najua Riziki husoma ukurasa huu. Kwa hiyo nimalize kwa kumwambia yeye.

Mwanangu, ile picha sikuiona. Sikujua mlikuwa mmekwama wapi. Mmefanya peke yenu.