Buluu Iliyopotea Kinuni

Mwende, mjukuu wangu,

Natumaini baridi ya huko imepungua. Hapa Kathonzweni mvua imekuja, pojo zimechipua, na mama yako anaongoza kwaya sasa.

Unauliza kama uache fizikia, kwa kuwa kioo ulichochonga maabarani kimekataa kutoa rangi.

Nilipokuwa msichana, nyanya yangu alisuka vyondo, vikapu vya mkonge. Magome ya miti yalitupa nyekundu na kahawia, lakini buluu hatukuipata popote. Siku moja niliokota kipepeo wa buluu aliyekufa, nikamtwanga kinuni ili nitie nyuzi za mkonge rangi. Nikapata vumbi la kahawia tu.

Nyanya alichungulia, akacheka. "Mwiitu, msichana wee, buluu imeenda wapi? Umeila?"

Jibu nililipata chuoni, yeye akiwa ameshafariki: bawa la kipepeo yule halikuwa na rangi ya buluu. Lilikuwa na mistari midogo isiyoonekana kwa macho, inayorudisha mwanga wa buluu, nami niliivunja kwa mchi. Kuchonga mistari kama hiyo kwenye kioo kukawa kazi yangu ya maisha.

Kabla hujaamua, niandikie kioo chako kilitoa nini badala ya rangi. Natamani sana kujua.

Nyanya yako