Vyuma Vitatu vya Marehemu Mutsinzi

CHAMA CHA WAKEREZA MBAO, KICUKIRO
Kumbukumbu za kikao cha kamati kilichofanyika karakanani, Jumamosi 12 Novemba 1994, saa 4:00 asubuhi

Waliohudhuria: Damascène Nzeyimana (Mwenyekiti), Frederick Rwema (Mtunza Vifaa), Conrad Gasana (Katibu)
Mwalikwa: Mama Épiphanie, mjane wa Mutsinzi ambaye alikuwa mwenye karakana hii hadi alipouawa Aprili
Hakuhudhuria: Régis (udhuru: amekwenda Kabuga kuzika mifupa ya ndugu zake waliouawa)

KUMB. NA. 1/94: KUFUNGUA
Mwenyekiti alitaka mambo yawe mafupi.

KUMB. NA. 2/94: OMBI LA MJANE
Mama Épiphanie alieleza kwamba marehemu aliacha chombo cha maziwa cha mti alichomwahidi binti yao Illuminée, anayeolewa Jumamosi ijayo. Mdomo umefunguliwa, tumbo halijachimbwa. Aliomba vile vyuma vitatu vyenye ncha ya ndoano ili fundi yeyote akimalize: kifupi huchimba mabega, cha kati tumbo, kirefu kitako.

KUMB. NA. 3/94: HALI YA VYUMA
Mtunza Vifaa alivileta. Vyote vilikuwa vimenyooka. Mwenyekiti alieleza kwamba chama kilipoichukua karakana alivikuta vimepinda, akadhani waporaji walivikanyaga, akavipeleka kwa mhunzi wa mtaa wa Gitega avinyooshe.

Mama Épiphanie: “Mzee Damascène, mdomo mwembamba, tumbo pana. Ulitaka kuchimba kwa mkuki?”

Mtunza Vifaa alicheka. Mwenyekiti alimwambia akacheke Kampala, alikokulia ukimbizini. Alijibiwa kwamba Bujumbura, alikokimbilia yeye, nako hawakumfundisha mtu kuuliza.

Katibu alikiri kwamba naye aliviona vimepinda, akanyamaza. Vyombo vya mama yake anavikumbuka kwa nje tu, tangu walipoikimbia nchi 1961.

KUMB. NA. 4/94: KUVIPINDA TENA
Vilipashwa moto papo hapo. Kirefu na kifupi vilikatika. Cha kati kilipinda, lakini kilinyooka tena kilipogusa mti. Katibu alipendekeza vifuliwe vipya kwa springi ya gari. Mama Épiphanie alijibu kwamba pembe ya ndoano aliijua Mutsinzi, na wanafunzi wake wawili waliuawa pamoja naye siku moja.

Mwenyekiti alisimama, akaomba radhi.

Mama Épiphanie aliomba apewe chombo kama kilivyo. Mwenyekiti aliuliza kitachukua maziwa kiasi gani. Mama Épiphanie alitia kidole ndani, akapima.

“Mafunda mawili. Kwetu tumebaki wawili.”

Alikabidhiwa.

KUMB. NA. 5/94: MENGINEYO
Hayakuwapo. Wajumbe walitoka saa 6:20 mchana.

D. Nzeyimana, Mwenyekiti ....................
C. Gasana, Katibu ....................